Nunua Spika Inayojua Kuongea

Wacha niseme hii mapema tukosane vizuri: kama uko na elfu 10 na unaishi bedsita, hiyo wufa mpya yenye taa za rangi wachana nayo. Tafuta jozi ya spika kuukuu, zile za mbao zilizotumika Uingereza zikaletwa huku. Hazina taa, hazina rimoti, zinakaa tu kama kabati la dawa.

Najua venye tumelelewa. Watoto wa Nairobi tumefunzwa muziki na matatu, na kama kifua hakitetemeki eti hiyo si mziki. Sina ubaya na matatu. Mimi mwenyewe naweza acha moja tupu ipite nikingoja ile iko na ngoma. Lakini matatu unashuka. Kwa nyumba unalala na hiyo sauti, na jirani pia analala nayo, juu besi haijui ukuta. Ukipunguza ili mtoto wa jirani alale, maneno yote yanapotea, unabaki na du-du-du.

Kitu cha kutafuta ni sauti za kati. Hapo ndipo mtu huongea, hapo ndipo gitaa la benga hulia. Fikiria simu ya kawaida: kwa miaka mingi ilibeba kati ya hezi 300 na 3,400 pekee, besi hakuna, na bado mamako akisema "haloo" ulijua ni yeye, tena ulijua kama amekasirika. Spika ikikosea hapo, imekosea kila kitu.

Waingereza walilishughulikia jambo hili mapema. Miaka ya 1970 BBC ilitengeneza spika ndogo inaitwa LS3/5A, urefu kama sentimita 30, ya kutumiwa ndani ya magari ya matangazo. Mafundi wao walikuwa na mtindo wa kulinganisha mtu anayeongea hapo mbele yao na sauti yake ikitoka kwa spika. Hiyo LS3/5A yenyewe sahau, bei yake siku hizi ni ya watu wenye mashamba. Lakini kuna ndugu zake wa bei ya kawaida, wale wa wufa moja na twita moja: Wharfedale Diamond, Tannoy Mercury, Mission ndogo ndogo. Hizo kwa mitumba ya elektroniki unaweza kuzipata, ukiwa na subira na viatu vizuri.

Sasa ukifika Luthuli, muuzaji atakuchezea ngoma ya kupasua paa. Mwambie pole pole, "Boss, naomba nitumie simu yangu." Halafu cheza mtu anaongea. Mimi hucheza guka. Iko kanda ya harusi ya wazazi wangu, miaka ya tisini, ambayo tuliihamishia kwa simu, na yeye anatoa hotuba. Alishatuacha, hiyo ndiyo sauti yake pekee tuko nayo. Kwa wufa ya binamu yangu guka anaongea kama ameingizwa kwa tangi la maji. Kwa jozi niliyonunua, nilimsikia akikohoa kidogo kabla ya kutaja jina la mamangu. Muuzaji aliuliza huyo mzee ni nani. Nikamwambia, na akanipunguzia mia tano.

Huna guka kwa kanda? Tumia voice note ya mtu wa kwenu. Muhimu ni sauti unayoijua bila spika.

Kabla ya kutoa pesa, vua kitambaa cha mbele. Angalia ile pete inayozunguka koni. Kama ni ya sponji, iguse, maana sponji huzeeka ikamomonyoka kama mandazi ya juzi. Ya mpira hukaa zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya pande zote mbili, na ukisikia inakwaruza, rudisha, hiyo imeungua ama imepinda ndani. Kisha cheza moja, halafu nyingine, wimbo uleule. Lazima ziwe mapacha, si binamu.

Kumbuka pia hizi spika hazijiendeshi, utahitaji amplifaya. Angalia namba ya desibeli kwa nyuma kama imeandikwa. Spika ikiwa chini kwa desibeli 3 kuliko nyingine, inataka wati mara mbili ndiyo ifikie sauti ileile. Kwa bedsita hiyo si shida sana, kaamplifaya kadogo kanatosha.

Ukifika nyumbani usiziweke chini sakafuni wala usizibanishe kwa kona, zitaanza kunguruma. Twita ikae usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Zangu ziko juu ya kreti mbili za soda, na mwenye kreti ameanza kuziulizia.