Kiyoyozi cha Kiwandani na Kiyoyozi cha Kupachikwa

Msomaji, ukionyeshwa gari la kale la fahari, nalo limeng'arishwa hata unajiona uso wako ubavuni mwake, na mwenyewe akakuambia kwamba kila kilichomo ni cha asili, usimkatalie wala usimkubalie. Muombe ruhusa ufungue boneti, kisha upige magoti chini ya dashibodi na tochi mkononi. Nitakueleza utafute nini, maana jambo hili nilifundishwa na mjomba wangu, fundi wa viyoyozi mjini Mombasa, nilipokuwa mwanafunzi kama wewe nikimsaidia kazi wakati wa likizo.

Likizo moja aliletewa Mercedes-Benz ya mwaka 1967. Mwenyewe alikuwa amepata mnunuzi, na mnunuzi alitaka karatasi ya fundi inayoshuhudia kwamba kiyoyozi kilitiwa kiwandani. Magari ya namna hiyo huthaminiwa kwa uasili wake. Kitu kilichopachikwa chaweza kushusha bei, hata kama chapoza vizuri kuliko cha kwanza. Mwenyewe hakuwa na shaka. Alisema, "Fundi, kiyoyozi hiki kilikuwamo tangu siku marehemu baba alipolinunua gari. Nilikuwa mtoto, naikumbuka baridi yake." Mjomba akajibu, "Naam, Bwana. Ngoja tuliulize gari lenyewe."

Chini ya dashibodi palining'inia sanduku jeusi lenye matundu ya kutolea hewa, limeshikwa na vyuma viwili. Halikupatana hata kidogo na mbao nzuri zilizokuwa juu yake. Nilisema papo hapo kwamba limepachikwa. Mjomba hakunisifu. Alinikataza kuhukumu kwa sura, na baadaye niliposoma historia ya vyombo hivi niliona alikuwa na haki.

Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuwauzia watu magari yenye kiyoyozi. Ililionyesha gari lake mjini Chicago mwezi wa Novemba 1939, na kiyoyozi kilikuwa nyongeza ya dola 274. Chombo chenyewe kilikuwa kikubwa, kikakaa nyuma, kikila nafasi ya mizigo katika buti. Kompresa yake haikuwa na klachi: ukiona baridi imezidi, ulipaswa kuzima injini, ushuke, ufungue boneti na kuutoa mkanda kwa mikono yako. Tena magari yaliyoagizwa na kiyoyozi yalitolewa katika mstari wa kazi huko Detroit, yakapelekwa Cleveland kutiwa chombo hicho na kampuni nyingine, Bishop and Babcock. Je, hicho tukiite cha kiwandani au cha kupachikwa? Packard ilikiuza na kukidhamini kwa jina lake, basi watu hukihesabu kuwa cha asili. Lakini ona jinsi mpaka ulivyokuwa mwembamba tangu siku ya kwanza.

Ukikutana na Cadillac ya mwaka 1953 utashangaa zaidi. Kiyoyozi kimo katika buti, na nyuma ya kiti cha nyuma huinuka mabomba mawili ya plastiki, meupe ya kuonya, yakipeleka hewa baridi darini. Mtu asiyejua angeapa kwamba ni kazi ya fundi wa kando ya barabara. Kumbe ni kazi ya kiwanda.

Kompresa nayo yaweza kukudanganya. Kompresa za York, zenye pistoni mbili, zilitumiwa na viwanda vya magari na vilevile na wauza viyoyozi vya kupachika. Hata midomo ya kujazia gesi si shahidi wa kutegemewa. Gesi ya R-12 huharibu tabaka la ozoni, na baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ilianza kuachwa. Kufika katikati ya miaka ya 1990 magari mapya yalikuwa yakitumia R-134a, ambayo midomo yake si ya kukaza kwa kuzungusha kama ile ya zamani. Gari la kale lenye midomo mipya huenda limebadilishiwa gesi tu, na chombo ni kilekile.

Sasa twende kwenye matundu, kwa maana hapo ndipo mjomba alipotumia alasiri nzima. Kiwandani bati hutobolewa kwanza, rangi ikapakwa baadaye, hivyo rangi huingia mpaka ndani ya ukingo wa tundu. Anayetoboa baadaye huikata rangi, naye huacha bati tupu, ambalo kwa hewa ya chumvi ya pwani halikawii kushika kutu. Mjomba aliniwekea kidole changu penye ukuta uliotenga injini na abiria, pale mabomba ya gesi yalipopita. Ukingo ulikuwa mkavu na wenye meno. Waya wa umeme haukufuatana na zile nyingine. Ulikwenda peke yake, umeunganishwa kwa utepe.

Ilibaki hati. Mercedes-Benz huandika katika kadi ya kila gari, kwa nambari, vifaa vya ziada vilivyoagizwa. Na kadi za magari ya kale ya Rolls-Royce zimehifadhiwa na chama cha wapenzi wake huko Northamptonshire, Uingereza. Mwenyewe alikuwa nayo kadi yake. Kiyoyozi hakikutajwa. Lakini pamoja nayo alitoa stakabadhi ya wakala aliyemuuzia baba yake, na humo kiyoyozi kilikuwamo, kwa tarehe ileile ya gari. Hakuwa amesema uongo. Mawakala wengi wa miaka ile, hata Marekani, walifunga viyoyozi wenyewe kabla ya kumkabidhi mteja gari lake jipya.

Mjomba aliandika: "Kiyoyozi kimefungwa na wakala mwaka 1967, gari lilipokuwa jipya. Si cha kiwandani." Mwenyewe alimsihi aifute sentensi ya mwisho. Nami, nakiri, niliona ombi lake ni la haki: sentensi ya kwanza ilikuwa kweli tupu, na ingetosha kutupatia ujira wetu. Nilimnong'oneza mjomba hivyo. Akaniambia, "Mwanangu, mnunuzi hakuuliza lini. Ameuliza wapi."

Yule bwana aliitazama karatasi kwa muda, akairudisha mezani, akaondoka na gari lake bila kulipa. Mjomba alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akafunga karakana, tukarudi nyumbani kwa miguu.