Mtaalamu wa Bia wa Mjini Akutana na Bibi Yake Huko Sola

Kuna jamaa wa Dar anayejulikana mtandaoni kwa kuonja bia. Juzi katua kwao Sola, Maswa, na chupa ya stauti ya oti, ikapozwa kwenye friji ya jirani. Akammiminia bibi yake, somo likaanza: weusi unatokana na shayiri iliyokaangwa sana, oti ndiyo inaleta ulaini, inateleza kama uji.

Bibi akanusa, akapiga funda, akatulia nayo mdomoni.

“Nafaka imekaangwa vizuri mjukuu wangu, uchungu umekaa mahali pake. Ila baridi imeficha ladha. Iache kwanza.”

Jamaa kimya. Hata wanaojua stauti hawainywi ya barafu, nyuzi 10 hadi 13 zinatosha.

Bibi hakubahatisha. Kapika pombe ya mtama miaka kibao: anaotesha kimea mwenyewe, anakianika, anakisaga. Ada ya jamaa tangu form one ilitoka humo. Na ndiyo pombe anayoiita “ya washamba” kwenye video zake, mashabiki wanacheka.

Bibi karekodiwa mwanzo mwisho. Video ipo kwenye simu, hadi leo haijapostiwa.

Wadau, aiposti au aikaushie?