Darasa la Nne Katika Mahame ya Gedi

Mtu asafiriye kwa barabara kuu kutoka Mombasa kwenda Malindi, akiisha kuvuka daraja la Kilifi na kupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hufika kwenye njia panda iendayo Watamu. Hapo, upande wa baharini, pana mashamba ya minazi, mikorosho na mahindi, na nyuma ya mashamba hayo ipo miti mirefu iliyosongamana. Chini ya miti hiyo ndiko uliko mji wa kale wa Gedi, wenye nyumba za mawe, misikiti, visima na makaburi, lakini usio na mwenyeji hata mmoja. Wenyewe waliuhama mapema katika karne ya 17, na tangu wakati huo mibuyu na mikuyu imeota juu ya sakafu zao.

Ukuta wa nje wa mji huo huzunguka eneo la ekari 45 hivi. Ndani yake pana ukuta wa pili, na humo ndimo zilimokuwa nyumba za matajiri, jumba la mtawala na msikiti mkuu. Watu wa kawaida walikaa kati ya kuta hizo mbili, katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha alama nyingi. Mwaka wa 1927 Serikali ya wakati huo ilipaandika Gedi kuwa mahali pa kumbukumbu. Kati ya mwaka wa 1948 na 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alisimamia kazi ya kufyeka na kufukua, na mwaka wa 2024 shirika la UNESCO likaitia Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huja kutoka nchi za mbali ili wapaone.

Walakini, penye miti hapana wajenzi. Wako watoto wengi waliozaliwa karibu na mahame hayo, ambao hupita kando yake kila siku wakienda kuteka maji au kuchunga mbuzi, na hawajatia mguu ndani. Kwa hiyo yafaa zielezwe habari za mwalimu mwanafunzi mmoja aliyelipeleka darasa lake huko, na mambo yaliyotokea.

Somo la Kwanza

Mwalimu huyo alikuwa binti wa miaka 22, mzaliwa wa milima ya Taita, aliyetumwa na chuo chake kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Gedi. Alipewa Darasa la Nne, lenye watoto 42. Kazi yake ingetazamwa na mkufunzi kutoka chuoni, na bila alama za kutosha asingepata cheti chake.

Basi alijitayarisha kwa bidii. Aliandika somo lake ubaoni kwa mwandiko mzuri: miaka, majina, na sababu za mji kuhamwa. Watoto walinakili kila neno. Aliposoma, waliitikia pamoja kwa sauti kubwa, hata darasa la jirani likasikia. Binti akafurahi. Kisha akawauliza swali ambalo halikuwamo ubaoni: “Ni nani walioujenga mji huu?”

Darasa lote likanyamaza. Baadaye mtoto mmoja akasema kwamba ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Mwingine akasema ni Wareno. Wa tatu akasema ni watu waliotoka ng'ambo, wakajenga, kisha wakaondoka na merikebu zao. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba waliojenga walikuwa watu wa pwani hiyo hiyo, wazee wa zamani wa nchi wanayoikaa wao.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekuwa amefundisha miaka mingi, alikuwa ameketi nyuma akisikiliza. Walipotoka nje alimwambia, “Mwanangu, usisikitike. Maneno ya kitabu wameyasikia. Sasa wapeleke wakaone.”

Matayarisho

Kusema ni rahisi, kutenda ni kazi. Kwanza, fedha hazikuwapo. Nauli ya basi ingewashinda wazazi wengi, na watoto wa maskini wangeachwa nyuma. Mwalimu Mkuu akashauri watoto waende kwa miguu alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, na shule itoe kiingilio kutoka katika akiba yake. Barua zikapelekwa kwa wazazi. Kila mtoto akaagizwa aje na maji, chakula kidogo na penseli.

Siku ya pili bibi mmoja wa Kigiriama alifika shuleni akiwa na barua ya mjukuu wake mkononi. Alisema kwamba hapendi mtoto apelekwe kule, maana mahali pale pana wenyewe. Wazee wa zamani wangali wanapalinda, na mtu akichukua kitu chao hapati usingizi.

Binti hakucheka, wala hakubishana naye. Alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, akamwambia, “Bibi, tutakwenda kwa adabu. Hawatapiga kelele, hawatapanda juu ya kuta, wala hawataokota kitu chochote, hata kigae.” Bibi akafikiri kidogo, akasema kwamba kama ni hivyo, basi na waende.

Masharti hayo ndiyo yaliyokuwa sheria ya safari nzima. Ni vyema kukumbuka kwamba sheria ya nchi nayo yakataza watu kuchukua vitu vya kale. Tena hofu na heshima ya wenyeji iliwazuia watu kuingia ovyo katika mahame hayo na kukata miti yake, hata kabla ya askari wa kulinda kuwekwa.

Ndani ya Mji

Watoto waligawanywa katika vikundi sita vya watoto saba saba. Kila kikundi kilipewa kamba yenye fundo kila baada ya mita moja, na kazi ya kufanya. Wengine walihesabu visima, wengine walipima unene wa kuta, wengine walichora milango.

Mahali pa kwanza waliposimama ni penye kaburi lenye tarehe. Juu yake umechongwa mwaka wa 802 wa Hijra. Mtoto mmoja aliyesoma chuoni kwa maalimu alieleza kwamba mwaka wa Hijra hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya shuleni kwa siku 10 au 11. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kutoa tu 802 katika mwaka wa leo akapata jibu. Kwa hesabu sahihi, mwaka ule ulianza mwaka wa 1399. Watoto walipotambua kwamba kaburi lile lina umri wa zaidi ya miaka 600, walinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Katika nyumba za matajiri waliona vishubaka vya kuwekea taa, na vyumba vya akiba visivyo na mlango, ambavyo mwenye nyumba aliviingia kwa tundu la juu. Waliona vyoo vya mawe na mifereji ya kuondoa maji machafu. Hapo walicheka sana. Lakini kiongozi wa wageni alipowauliza ni nyumba ngapi kijijini kwao zenye choo kizuri kama kile, kicheko kikapungua.

Nyumba hizo huitwa kwa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha ya Kichina. Vitu hivyo, na vyombo vya kaure vya Uchina na shanga za Venice, vyaonyesha jinsi biashara ya watu wa Gedi ilivyofika mbali. Penye msikiti mkuu watoto walionyeshwa kichwa cha mkuki kilichochongwa juu ya mlango mmoja wa upande wa mashariki. Mkuki ni alama ya enzi inayojulikana katika sehemu nyingi za Afrika, na mtoto yeyote wa Kigiriama aujua.

Wakati wa kula, kima walishuka kutoka mitini, na mmoja akampokonya msichana muhogo wake mkononi. Watoto wakasahau sheria ya kutopiga kelele, na kwa jambo hilo walisamehewa.

Mtoto Aliyekosekana

Walipokuwa tayari kurudi, binti aliwahesabu. Wakawa 41. Akahesabu tena, 41. Moyo wake ukaenda mbio, maana mji una visima virefu na msitu u karibu. Aliwaacha watoto kwa mwalimu wa darasa, akarudi ndani pamoja na kiongozi, wakiita jina la mtoto kila penye mlango.

Walimkuta katika jumba la mtawala. Alikuwa mvulana wa miaka 11, mtoto mkimya aliyekaa nyuma darasani, ambaye tangu mwanzo wa muhula hakujibu swali hata moja. Alikuwa amesimama mahali ambapo chokaa imebanduka, akilipapasa jiwe la ndani kwa kiganja. Binti alimkemea kwa ukali, kwa sababu ya hofu iliyompata. Mtoto akainamisha kichwa, kisha akasema polepole, “Mwalimu, jiwe hili ndilo achimbalo baba.”

Binti aliacha kukemea, akamwuliza ana maana gani. Mtoto akaeleza kwamba baba yake huchimba mawe ya matumbawe na kuyauza kwa waashi, na mjomba wake huchoma chokaa. Huyapanga matumbawe juu ya rundo la magogo, huyachoma mchana na usiku, kisha huyaacha yanywe maji mpaka yawe unga mweupe. “Hii ni kazi ileile,” alisema, akionyesha ukuta. “Hata mchanga ni wa huku huku.”

Binti alimshika mkono, akamrudisha kwa wenzake, na badala ya kumwadhibu akamsimamisha mbele yao ayaseme tena maneno yale. Mtoto alisema kwa sauti ndogo, lakini wote walimsikia. Alipomaliza, mwalimu aliuliza tena swali lake la darasani. Safari hii hapakuwa na jini wala Mreno katika majibu.

Jambo hilo si dogo. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Arabuni. Siku hizi wataalamu wa mambo ya kale hukubaliana kwamba ilikuwa miji ya Waswahili, watu wa pwani wenyewe, waliofanya biashara na kuoana na watu wa ng'ambo ya bahari, wakapokea dini ya Kiislamu, na wakajenga kwa mawe ya nchi yao. Juu ya sababu za kuhamwa kwa Gedi, hutajwa mambo kadhaa: vita vya Wazimba waliopita pwani mwaka wa 1589, kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi katika miaka ya 1590, kushuka kwa maji ya visima, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Watoto walikwenda njia nzima wakibishana ni ipi iliyo kubwa.

Matunda Yake

Mkufunzi alipokuja wiki iliyofuata, hakusikia watoto wakiitikia pamoja. Alisikia kikundi kimoja kikieleza unene wa ukuta, na kingine kikipinga hesabu yake. Alimwona mvulana yule ubaoni akichora tanuri ya chokaa, chaki ikimvunjikia mkononi. Mkufunzi aliandika kwa muda mrefu katika kitabu chake, akatoa sababu mbili za kumsifu binti: watoto walijua walichokisema, na mtoto aliyekuwa hasemi alisema. Alimwonya pia kwamba katika safari watoto wahesabiwe kila kituo, wala si mwanzo na mwisho tu. Binti akalipokea onyo hilo, akamaliza mazoezi yake kwa alama nzuri. Mvulana hakuwa wa kwanza katika mtihani, lakini hakuketi tena nyuma.

Wazazi hupenda kuuliza faida ya safari za namna hii, hasa wakati wa palizi ambapo mikono ya watoto yatakiwa shambani. Jibu moja lipo hapo hapo Gedi. Tangu mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo umewanunulia wakulima waishio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke mabuu ya vipepeo wanaowafuga, yakauzwa nchi za nje; na hivyo mkulima hupata fedha kwa kuutunza msitu. Mtoto aonaye thamani ya mahali pa kwao hujifunza kupatunza, na mahali palipotunzwa hulisha watu.

Wala si watoto wa Kilifi peke yao wenye bahati hiyo. Mtwapa pana Jumba la Mtwana, Mombasa pana Ngome ya Yesu iliyoanzwa mwaka wa 1593, Nakuru pana Hyrax Hill, na Migori pana boma la mawe la Thimlich Ohinga. Mahali pasipo na mahame pana tanuri la mfinyanzi, kiwanda cha mhunzi, au mzee ajuaye jinsi mto ulivyopata jina lake. Mwalimu na aandike barua kwa wazazi, atafute kamba, na awahesabu watoto wake katika kila kituo. Mzazi naye, barua ikimfikia, asiikunje na kuiweka darini. Na ampe mtoto maji na muhogo, amruhusu aende. Na jioni arudipo, amwulize ameona nini, kisha amsikilize mpaka amalize.