Gari lenye sura ya kale na macho ya jirani

Yapo magari yaliyotoka kiwandani mapya yakiwa na sura ya uzee. Msomaji huenda amewahi kuliona mojawapo Dar es Salaam, au hata Singida mjini: dogo, lenye taa za mviringo na umbo la enzi za mababu, ilhali ndani mna injini ya kisasa na gia zinazojibadilisha zenyewe. Wajapani ndio waliotangulia kuyafanyia biashara. Nissan walitoa Be-1 mwaka 1987, wakafuatisha Pao mwaka 1989, na mwaka 1991 wakaleta Figaro, ambalo wenye kulitaka walikuwa wengi mno hata ikabidi wanunuzi wachaguliwe kwa kura. Daihatsu walitoa Mira Gino mwaka 1999, Toyota wakatoa WiLL Vi mwaka 2000, na Suzuki wakatoa Lapin mwaka 2002. Ulaya nayo haikubaki nyuma: BMW walifufua sura ya Mini mwaka 2001, na Fiat wakaifufua 500 yao mwaka 2007.

Mapenzi ya sura hizo hayakosi sababu kwetu Afrika Mashariki. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe iliibuka mshindi wa mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara ambazo leo hata lori lingezisitia. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado huyataja magari hayo kama wanavyotaja watu. Hivyo basi, mtu anapokutana na gari la leo lenye sura ya jana, moyo wake hulainika kabla akili haijauliza swali lolote. Hapo ndipo biashara yenyewe inapoanza, na ndipo tunapotaka kuzungumza na wasomaji wetu.

Tunaposema sisi, tunakusudia mke na mume wa nyumba moja hapa Ihanja, wilayani Ikungi. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwingine ni katibu wa kamati ya msikiti, na ndiye mwenye kutunza daftari la mapato na matumizi. Tuna watoto watatu, na tunaishi na mama mzazi ambaye shinikizo lake la damu humlazimu kwenda hospitali Singida mara kwa mara. Wakati wa kiangazi safari hiyo ni bodaboda, vumbi, kisha kusubiri Noah ijae abiria. Wakati wa masika, kumpandisha mama mwenye miaka 70 kwenye bodaboda ni jambo ambalo kila mara lilituacha na hofu mpaka atakaporudi. Kwa misimu minne ya alizeti tuliweka akiba, tukaongeza fedha za kuku wa kienyeji, na kidogo kidogo mkono wetu ukafikia bei ya gari dogo lililotumika.

Shauri la kwanza lilikuwa kuagiza kutoka Japani. Tulipopiga hesabu tuliliacha. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. Mwenye kipato kama chetu hujikuta akilipia kodi kiasi kinachokaribia bei ya gari lenyewe, au hata kukizidi. Tukaona ni heri kununua gari ambalo lilikwisha kuingia nchini na kodi zake zilikwisha kulipwa.

Dalali wa Singida alituonyesha mawili. La kwanza lilikuwa Vitz ya kawaida, ya rangi ya fedha, ambayo ukiiegesha sokoni utaitafuta katikati ya wenzake. La pili lilikuwa WiLL Vi ya mwaka 2001, namba C, rangi ya maziwa. Kioo chake cha nyuma kimelalia ndani badala ya nje, kama ilivyokuwa Ford Anglia ya mwaka 1959 na Citroën Ami 6 ya mwaka 1961. Ubavuni lina mistari ya bonde na tuta kama bati la nyumba. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu kama benchi. Mmoja wetu alilipenda palepale. Mwingine alisema kwamba gari si kitambaa cha sherehe, na kwamba anataka kujua kilicho chini ya bati kabla ya kusifu bati.

Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyotuongoza, na tunapenda kuyafafanua kwa faida ya familia nyingine. Gari la namna hii ni vitu viwili vilivyounganishwa. Kipo kile ambacho limekiazima kwa ndugu zake wa kawaida, na kipo kile ambacho ni chake peke yake. WiLL Vi lilijengwa juu ya msingi wa Vitz, na injini yake ya 2NZ-FE, yenye ujazo usiofika lita moja na nusu, ni ileile inayoendesha magari mengi madogo ya Toyota yanayozunguka mitaani kwetu. Kwa hiyo plagi, pampu ya maji, bushi na pedi za breki hupatikana Singida bila taabu, na fundi anayeijua Vitz ameijua injini hii. Lakini kile kioo cha nyuma, taa, bampa na milango ni vya gari hili tu, nalo lilitengenezwa kwa takriban miaka miwili. Kikivunjika kioo, hakuna duka Singida litakalokuwa nacho. Swali kuu la mnunuzi, basi, ni hili: kipi ni cha kuazima na kipi ni cha peke yake, na je, kile cha peke yake ni kizima?

Tulimchukua fundi wetu wenyewe, si wa dalali. Akaliinua gari, akagonga sakafu kwa bisibisi kutafuta kutu, akapitisha sumaku kwenye bodi kutafuta palipojazwa puti, akachomoa kijiti cha oili, akaliwasha likiwa la baridi na kusikiliza. Sisi tulilinganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi, jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji, kisha tukaangalia kwa namba ya gari kama lina deni la faini za barabarani. Halikuwa na deni.

Muuzaji mwenyewe, mzee mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama. Fundi alipomaliza, kabla hatujauliza bei ya mwisho, mzee alituita kando na dalali asisikie. Akasema giaboksi hushtuka kidogo inapoingia gia ya pili asubuhi, na kwamba mlango wa nyuma upande wa kushoto ulikwisha kugongwa na kunyooshwa. Fundi alikuwa ameuona mlango. Giaboksi hakuigundua, kwa sababu injini ilikwisha kupata moto alipoliendesha. Dalali alipopata habari alikasirika waziwazi, kwa kuwa maneno ya mzee yalipunguza bei, na bei ikipungua na ujira wake hupungua.

Tuliosoma mlango wa mauzo chuoni tuliusoma kwa mifano ya ngamia na tende, na wengi wetu huudhani ni elimu ya zamani. Sote tunalijua tukio la Mtume (SAW) sokoni, alipoingiza mkono katika lundo la chakula akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Mlango ulionyooshwa na kupakwa rangi ni lundo lilelile. Mzee yule alilifunua lundo lake mwenyewe, mbele ya watu ambao wasingejua. Thamani ya kitendo hicho kwetu ilikuwa kubwa kuliko punguzo lenyewe, kwani kuanzia hapo tuliyaamini na yale ambayo hatukuweza kuyakagua.

Tulikubaliana shilingi 4,500,000. Tukaweka sharti la khiyari ya siku tatu, ambalo fiqhi ya Imamu Shafi'i inalitambua na ambalo wauzaji wengi wa magari hushangaa ukilitaja. Maana yake ni kwamba katika siku hizo mnunuzi aweza kurudisha mali na kuchukua fedha zake bila ugomvi. Mzee aliridhia. Siku ya pili, kwenye njia yetu ya vumbi, tuligundua kwamba mpira wa mlango wa nyuma umechoka na vumbi huingia ndani kama moshi wa jikoni. Tulimpigia simu. Akajibu kwamba miaka yote aliliendesha mjini juu ya lami na hakuwahi kuliona hilo, akapunguza shilingi 100,000. Tukalipa 3,400,000 taslimu, na 1,000,000 iliyobaki tukaahidi kuilipa baada ya mavuno ya alizeti, bila nyongeza yoyote. Deni hilo tuliliandika mbele ya wakili na mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu jambo hilohilo la kuandika deni, nasi tungali tukikopeshana kwa mdomo kisha tukagombana msibani. Baadaye umiliki ulihamishiwa kwetu TRA, kadi ikatoka kwa jina letu.

Biashara iliishia hapo, lakini gari lilikuwa bado halijafika kijijini.

Vitz ya rangi ya fedha ingeingia Ihanja na kusahaulika ndani ya wiki moja. Hili halikusahaulika. Watoto walilipa jina la Boga siku ileile. Wazee walilizunguka wakicheka kwa furaha. Na siku ya gulio, mtu mmoja alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya kutosha kusikika, kama mabati ya msikiti yamekwisha kununuliwa. Wakati huo kamati ilikuwa katikati ya mchango wa paa. Zilikwisha kukusanywa shilingi 2,860,000, na mwenye daftari alikuwa mmoja wetu.

Usiku ule hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema tupeleke mkataba wa gari, hesabu za alizeti na kila kitu mbele ya waumini baada ya Ijumaa, ili shaka ife. Mwingine alikataa, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema akiba ile ni jasho la watu wawili, na mmoja kati yao si mjumbe wa kamati yoyote. Tukifungua sanduku la nyumba leo kwa sababu ya neno la gulioni, kesho tutaulizwa bei ya kanga na ya kitanda. Zaidi ya hayo, alisema, anayenong'ona haombi ushahidi. Anaomba habari nyingine ya kunong'ona.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee tunayemheshimu kama baba. Alitukumbusha lile tukio la Mtume (SAW) wakati wa itikafu, alipokuwa akimsindikiza mkewe Bi Safiyya usiku. Wakapita Maansari wawili wakaharakisha mwendo, naye akawaita na kuwaeleza mwanamke yule ni nani. Mzee akasema, "Tazameni alichokifanya. Alieleza kile walichokiona. Hakuwaalika nyumbani kwake." Tukaafikiana njia ya kati. Daftari lote la mchango wa paa, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, pamoja na salio la benki, lilibandikwa kwenye ubao wa msikiti, mwenye kutaka asome. Mkataba wa gari tuliwaonyesha mwenyekiti na mweka hazina, hao wawili tu, nao wakawaambia waumini kwamba wameuona. Aidha, tuliomba kuanzia sasa fedha za ujenzi zitolewe kwa saini tatu badala ya mbili.

Je, minong'ono ilikwisha? Haikwisha yote. Lakini michango ya paa haikusimama, na Ijumaa iliyofuata watu wawili waliokuwa wameahidi walitimiza ahadi zao.

Kwa hiyo, ndugu zetu wenye kutamani gari lenye sura ya kale, hatuwakatazi. Hakuna ubaya jicho kupenda kizuri, na Boga limekwisha kumpeleka mama hospitali mara sita, akiwa ameketi mbele kwenye benchi lake na mjukuu ubavuni. Ila mjue mnanunua nini. Mnanunua injini yenye ndugu wengi na bodi isiyo na ndugu. Tafuteni fundi wenu, liwasheni gari likiwa la baridi, ombeni siku tatu, andikeni deni. Na kwa mwenye kushika amana ya watu, iwe ya msikiti, ya shule au ya kikundi cha kina mama, hesabu za amana ziwe zimebandikwa ubaoni kabla gari halijafika kijijini.

Kwetu sisi, alizeti ya mwaka huu imesimama vizuri shambani, na shilingi 1,000,000 ya yule mzee ndiyo ya kwanza kutoka katika mauzo yake. Gunia la mbegu kwa ajili ya paa la msikiti litafuata.

Wabillahi tawfiq.