Njia ya Wavutaji

Nilipokuwa masomoni Gent, Jumapili moja niliendesha baiskeli kufuata mto Leie hadi Deinze. Hakukuwa na gari wala honi. Upepo tu, na ng'ombe malishoni. Nilifurahi, kisha nikaona haya. Kwetu Lubumbashi baiskeli ni kinga, na kinga ya baba hubeba makala, haibebi mtu anayestarehe.

Kwa Kiholanzi changu cha kuokoteza nilimuuliza mzee mmoja jina la njia ile. “Jaagpad,” akasema: hapo zamani farasi, hata watu, walipita wakivuta mashua kwa kamba.

Kumbe utulivu ule ulianza kwa jasho. Nikashuka, nikaisukuma kinga kidogo.

Jioni nilipiga simu: “Baba, leo nimepita njia ya wenzako.”