Bukoba Hadi Muleba kwa Gari Dogo

Ndugu msomaji, ukisimama asubuhi pale Rwamishenye, juu kidogo ya mji wa Bukoba, utayaona magari madogo ya Kijapani yakipita moja baada ya jingine: Vitz, Passo, Starlet, IST. Ndani yake wamo walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara, kila mmoja akiwahi kazi yake. Huenda nawe umekwisha weka akiba, na unajiuliza kama gari la namna hiyo lingekufaa. Basi twende pamoja hadi Muleba, mwendo wa kilomita 70 hivi, tulipime njiani.

Tuichukue Vitz iwe mfano. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na ndugu yake aitwaye Yaris akachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 2000. Tangu mwaka 2020 jina la Vitz limeachwa hata huko Japani, walakini kwetu magari yaliyokwisha tumika yenye jina hilo yangali mengi, na fundi wa kuyafungua haadimiki. Injini yake ndogo kabisa ni ya lita 1 tu. Wenye magari makubwa huicheka. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Tukitoka Rwamishenye, barabara ya lami inapita katikati ya migomba na mibuni, Kyetema, kisha Kemondo penye bandari ya ziwa. Hapa gari dogo liko nyumbani kwake: hukata kona kwa wepesi na kunywa mafuta kidogo. Tukifika Muhutwe, yupo mwenzetu atakayepinda kupanda Kamachumu na Ndolage. Huko injini ya lita 1, iliyobeba watu watano na mikungu ya ndizi katika buti, haina budi kusaidiwa kwa gia ya chini, wala dereva asione haya kupitwa. Wakati wa kuteremka, tumia gia ile ile ya chini ili injini ilishike gari. Anayeshuka mlima mrefu kwa breki peke yake huzichemsha hata zikakataa kushika.

Hatari nyingine ni mvua. Bukoba hupata milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na masika ndiyo huzidi. Juu ya lami hilo ni jambo la tairi nzima na mwendo wa taratibu. Lakini ukiiacha lami kuelekea vijijini, matope na makorongo hugusa tumbo la gari, na shokomzoba huchoka kabla ya wakati wake. Ikiwa nyumba yako iko huko, tafuta gari lililoinuka zaidi.

Sasa tuje kwenye mshahara. Tukadirie kwamba gari hili hutembea kilomita 15 kwa lita moja ya petroli. Anayelala Bukoba na kufanya kazi Muleba husafiri kilomita 140 kila siku. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 3,080, yaani lita 205 hivi kwa mwezi. Tairi zinazodumu kilomita 40,000 zitakwisha kwa miezi 13. Anayekaa Kashai na kufanya kazi mjini, hata akizunguka kilomita 10 kwa siku, na milima ikamnyima akapata kilomita 12 tu kwa lita, atatumia lita 18 hivi. Gari ni lile lile, lakini la mmoja ni msaada, na la mwingine laweza kula karo ya watoto.

Kumbuka pia kwamba ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na ushuru ukaongezwa katika mafuta. Kwa hiyo atembeaye kidogo hulipa kidogo, na atembeaye sana hulipa kila ajazapo tangi.

Wako wanaosema, "Nitapakia abiria kama wenye michomoko, mafuta yajilipe." Hilo ni jambo jingine. Kubeba abiria wa kulipa kunataka leseni ya LATRA na bima ya kazi hiyo. Ajali ikitokea bila hivyo, majuto yatakuwa yako peke yako. Heri wafanyakazi wanne wa njia moja washirikiane gharama za petroli kwa mapatano, kila mmoja akikaa penye mkanda wake.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei ya gari, hesabu kilomita zako za mwezi. Zidisha mafuta yake kwa bei elekezi ya EWURA, ongeza tairi, oili na bima, kisha linganisha na nauli unayolipa leo. Jumla ikizidi nauli kwa kiasi ambacho nyumba yako haiwezi kukikosa, panda basi kwa heshima yako yote, na akiba hiyo imalizie paa.