Filamu ya Helikopta Niliyoshindwa Kuifurahia

Naandika kutoka Rinkeby, mstari wa buluu wa treni ya chini ya ardhi, ambako ukishuka tu stesheni unasikia Kisomali kabla ya Kiswidi.

Ukikaa Sweden miaka miwili mitatu, kuna siku mwenyeji atakuuliza kama umeshaona Mannen på taket, yaani "Mtu wa Juu ya Paa". Ukisema bado, atakushangaa kama mtu aliyekulia Tanga na hajaiona bahari. Ni filamu ya upelelezi ya Bo Widerberg, ilitoka mwaka 1976, na wengi hapa wanaihesabu kuwa filamu bora ya polisi iliyowahi kutengenezwa nchini mwao. Mimi nimeshaitazama mara mbili, na mara zote mbili imenishinda. Leo naomba niseme kwa nini, maana nimechoka kujibu "nzuri" kwa adabu.

Kwanza niipe haki yake. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö, wapenzi wawili walioandika pamoja riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck kati ya mwaka 1965 na 1975. Hawakuwa watu wa kuisifia serikali yao. Beck ameigizwa na Carl-Gustaf Lindstedt, mzee ambaye Waswidi walimzoea kwenye vichekesho, na hapa hachekeshi hata kidogo. Hakuna shujaa wa kuruka madirisha, ila kuna wanaume waliochoka wanaofanya kazi yao. Halafu kuna helikopta ya polisi inayoanguka Odenplan, katikati ya mji. Mwaka 1976 hapakuwa na kompyuta ya kuchora ajali ya namna ile. Mimi ni mhandisi, na pale nilivua kofia.

Sasa hadithi yenyewe. Afisa wa polisi aitwaye Nyman anauawa kinyama hospitalini kwa singe ya bunduki. Beck na wenzake wanapekua malalamiko ya zamani ya wananchi dhidi ya marehemu. Ni mengi, na hakuna lililomfikisha popote. Katika makaratasi hayo anatokea Marja, mke wa polisi mwingine aitwaye Eriksson. Marja alikuwa na kisukari. Alizidiwa akiwa njiani, polisi wakamdhania mlevi, wakamtupa mahabusu, akafia humo. Miaka inapita, mumewe anapanda juu ya paa na bunduki zake na kuanza kuwalenga polisi.

Mara ya kwanza tuliitazama chumbani kwangu, tukiwa wanne: mimi, Mkenya mmoja, Mganda mmoja na Mswidi tunayesoma naye, ambaye ndiye aliyeleta DVD. Tulipika pilau. Tangu mwanzo Mswidi wetu alikuwa anatuambia, "Ngojeni helikopta, ngojeni tu." Habari ya Marja ilipotajwa, mmoja alikuwa anatafuta pilipili na mwingine kaenda kumimina chai. Ilipita kama tangazo la redio. Mimi nilibaki palepale. Helikopta ilipoanguka wenzangu walipiga makofi, na Mkenya akanigeukia: "Mzee, mbona umenuna? Hii si ni muvi tu, bana?"

Mama yangu ana kisukari. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, alipanda basi Tanga asubuhi bila kula kitu, anawahi msiba Korogwe. Alikuwa ameshajichoma sindano yake. Kufika Muheza sukari ikashuka, akateremka apate hewa, akaanza kupepesuka na kuongea maneno yasiyoshikana. Mama yangu, jamani, ambaye hata togwa iliyochacha haigusi! Vijana wa stendi wakacheka kwamba bibi kaanza mapema leo. Askari mmoja akaamuru awekwe pembeni mpaka pombe imtoke. Kilichomwokoa ni mama muuza machungwa, aliyemgusa shingo akakuta jasho la baridi. Nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa kama huyo. Alimkamulia machungwa matatu mdomoni, kisha akatuma mtoto akalete soda. Baada ya muda Mama akauliza basi lake liko wapi.

Sasa mniambie, mtu mwenye habari hiyo kichwani ataingojaje helikopta?

Nilipomweleza Mswidi wetu, alinijibu kwa upole, na nakiri jibu lake lina uzito. Alisema filamu iko upande wa Marja, kwamba bila kifo chake hakuna hadithi, na kwamba waandishi walitaka Waswidi waone haya. Sawa. Lakini Marja ni kama msingi wa nyumba. Umebeba kila kitu, umefukiwa, na watu wote wanapiga picha paa. Hatukai naye hata dakika tano tukamjua alikuwa mtu wa namna gani. Miaka karibu hamsini watu wanasimuliana helikopta. Mimi sijakutana na aliyeanza kunisimulia filamu hii kwa jina la mwanamke yule.

Na hapa tunapoishi panachangia. Rinkeby ilijengwa kwenye ule mpango wa nyumba milioni moja wa mwaka 1965 hadi 1974. Filamu ilipotoka, treni ilikuwa imefika huku mwaka mmoja tu kabla, na mtaa wetu hauonekani ndani yake. Helikopta za polisi lakini tunazijua. Wenyeji wangu bado wanasimulia Mei 2013, polisi walipompiga risasi mzee wa miaka 69 nyumbani kwake Husby, jirani zetu hapa, na usiku kadhaa wa moto uliofuata. Helikopta ya kwetu haianguki. Inazunguka juu ya paa lako saa nane usiku, na wewe una mtihani asubuhi.

Basi nikiulizwa tena nitasema ukweli: filamu imetengenezwa kwa ustadi, na sikuifurahia. Hayo mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana. Sisi wageni tuna tabia ya kusifia kila anachosifia mwenyeji, tukiogopa kuonekana washamba. Tuache. Mswidi wetu hakukasirika hata kidogo. Tulibishana mpaka treni ya mwisho ikakaribia kumwacha.

Mungu akipenda, Mama atakuja mwezi wa sita kwenye mahafali yangu. Atashuka ngazi za stesheni na baibui lake, bila neno moja la Kiswidi, na sukari haina ratiba. Nimemwandikia kadi ya kuvaa shingoni: Jag har diabetes. Nilipomsomea kwenye simu akauliza, kwani huko hakuna hata mtu mmoja anayejua Kiswahili?

Wapo, Mama. Ndio hawa wanaosoma ukurasa huu. Mkimwona mtu anapepesuka stesheni, iwe Rinkeby au Odenplan, msipite. Mguseni shingo kwanza.